Fahali Aliyepotea Darasani

Aliyempoteza fahali mwekundu wa bibi yangu, mama mzaa baba, ni Chidosa, mwana wa shangazi yangu. Hakupotezwa na mimi, wala na hadithi yangu, wala na Mwalimu Sefu aliyenifundisha kuitunga. Mbuzi waliokutwa darasani siku Bwana Shauri, mkuu wa serikali bomani, alipokuja kukagua shule, nao pia waliingizwa na Chidosa. Naanza na hayo kwa sababu katika utumishi wangu wote nilizoea kumtaja mhusika juu kabisa ya karatasi, ili msomaji mwenye haraka asije akaondoka na jina la mtu mwingine kichwani.

Nimelazimika kuandika kwa sababu ya maneno yaliyosemwa hadharani kwenye msiba wa Ndahani, mwenzetu tuliyesoma naye, Mungu amlaze pema. Alichinjwa ng'ombe kwa ajili ya waombolezaji, na ngozi yake ikawambwa kwa vigingi nyuma ya nyumba. Nilikaa mahali ambapo upepo uliniletea harufu yake: mafuta yanayoanza kuchacha, chumvi, na vumbi lililolowa. Wenzangu mliokulia katika tembe, mkalala juu ya ngozi na kujifunika ngozi, sina haja ya kuwaeleza. Mara nikawa mtoto tena, nimeketi chini katika giza la mchana, kibao cha jiwe magotini, na watu wazima wamebana pumzi wakinisubiri. Nilikuwa bado nimo humo niliposikia Chidosa akiwaambia vijana wa watu jinsi mimi nilivyopeleka mbuzi shuleni wakajifunze kusoma. Vijana wakacheka. Sikucheka.

Shule yetu ilikuwa tembe refu lililojengwa kwa amri ya boma, paa lake la udongo kama nyumba zetu zote, na madirisha yake madogo kiasi cha kupitisha kichwa tu. Serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilikuwa imetuletea Mwalimu Sefu kutoka Pangani. Alivaa kanzu nyeupe iliyofuliwa, jambo la kushangaza mahali ambapo maji yalichotwa kwa kata kutoka shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa mto. Alitumwa atufundishe kusoma, kuandika, kuhesabu na kusimama wima. Hadithi hazikuwa katika amri aliyopewa. Alizileta mwenyewe, na sasa nikiwa mzee naamini alizileta kwa upweke. Jua lilipoanza kuinama alijifungia ndani kwa hofu ya fisi, na huko ndani hakuwa na mtu wa kumsimulia lolote.

"Leo," alituambia asubuhi moja, "kila mmoja atatunga hadithi."

Ndahani akainua mkono. "Hadithi ya nani, Mwalimu?"

"Yako."

"Mimi sina. Za kwetu anazo bibi."

Naomba msimcheke marehemu. Sisi sote tuliwaza hivyo hivyo. Kwa fahamu zetu, hadithi zilikuwa zimekwisha kuumbwa zote siku moja na vilima na yale mawe makubwa, na kazi ya binadamu ilikuwa kupokezana tu. Kumwagiza mtoto atunge hadithi mpya kulikuwa sawa na kumwagiza akaongeze kilima. Mimi nilijitahidi kwa kuandika hadithi ya sungura kama alivyoisimulia bibi. Mwalimu akasoma, akanirudishia kibao.

"Huyu sungura namjua tangu Pangani," akasema, "na kule alikuwa mjanja kuliko huyu. Nataka wa kwako."

Ndahani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika jambo ambalo halijawahi kusimuliwa. Alisimama akalisoma kwa fahari: palikuwa na ng'ombe, akala majani, akanywa maji, akarudi zizini.

"Halafu?" akauliza Mwalimu.

"Basi, Mwalimu."

"Hakuna lililotokea?"

"Limetokea. Amerudi."

"Ndahani, mwanangu, hadithi haianzi mpaka jambo liharibike. Ng'ombe akirudi salama, nitakusikiliza kwa sababu gani?"

"Kwa hiyo unataka afe?"

"Sitaki afe. Nataka niogope kwamba atakufa."

Ndahani akakikumbatia kibao chake. "Ng'ombe wa nani, Mwalimu? Maana wetu simtoi."

Darasa zima likamuunga mkono. Hakukuwa na mtoto wa mfugaji aliyekuwa tayari kumtoa ng'ombe wa kwao akaharibikiwe kwenye kibao. Mmoja alishauri watumiwe ng'ombe wa boma, na Mwalimu akaenda haraka mlangoni, akachungulia huku na huku, akarudi akisema kwamba ng'ombe wa boma hawaharibikiwi kamwe. Zilipita siku nyingi tukitunga hadithi ambazo ndani yake watu wote walishiba na mifugo yote ikarudi. Mwalimu alizisoma kwa uso wa mtu anayekunywa uji usiotiwa chochote.

Hapa napaswa kueleza hali yangu. Nilikuwa mtoto asiyefaa. Katika mieleka niliangushwa na wadogo zangu. Nikitumwa kuchunga, ndama walinirudisha nyumbani badala ya mimi kuwarudisha. Hesabu zilinitoa jasho. Lakini Mwalimu alipotufundisha kwamba haitoshi kuandika "ng'ombe," kwamba lazima tuandike ng'ombe ambaye hata yeye mgeni akikutana naye njiani atamtambua, nilihisi kama mtu aliyepewa chombo kinachomkaa mkononi. Nilikuwa nikiona vitu vingi na sikuwahi kujua vina kazi gani. Sasa nilijua. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na jambo nililoliweza kuliko wenzangu, na nilitaka kulifanya hilo tu mpaka mwisho wa maisha yangu.

Nikamwandika fahali wa bibi. Aliitwa Mlenda, kwa sababu hakuna aliyeweza kumshika akaendelea kuwa naye mkononi. Nikaandika wekundu wake, doa jeupe la pajani, pembe ya kushoto iliyoinama kama inasikiliza, na jinsi alivyokohoa kabla ya kunywa maji. Nikafika mahali ambapo jambo lilipaswa kuharibika. Hapo nikainua macho nikalitazama jua dirishani.

Wenzangu mnakumbuka katazo. Hadithi hazikusimuliwa mchana. Jua lilipaswa liwe limezama, mifugo iwe imeingia, moto uwe umewashwa. Bibi alitufundisha kwamba anayesimulia mchana hupoteza ng'ombe, na asipokuwa na ng'ombe wa kupoteza huota pembe. Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa tayari na akili ya baraza. Nikajihoji: bibi amekataza nini hasa? Amekataza kusimulia. Kusimulia ni kazi ya kinywa. Kinywa changu kimefungwa. Ninachotumia ni mkono. Nikaridhika na hoja hiyo, nami bado naiona kuwa hoja nzuri. Nikamtenga Mlenda na kundi, nikampeleka kwenye korongo lenye mwamba unaofanana na kobe, jua kali, ana kiu, na sauti za wachungaji zinafifia.

Mwalimu Sefu alisoma juu ya bega langu. Akasoma tena. "Simama," akaniambia, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wasomee wenzako."

"Mwalimu, nisome moyoni?"

"Soma kwa kinywa, mtoto! Soma na watu wa kijiji cha Zuzu wasikie."

Nikasoma. Sijui kama mmewahi kuwanyamazisha watu ambao siku zote huwacheka ninyi. Ndahani aliacha mdomo wazi. Nilipofika kwenye mwamba wa kobe, ambapo Mlenda analamba jiwe akidhani lina umande, kengele ikalia, na Mwalimu akasema tutaendelea kesho. Nilitoka nje nikiwa mrefu kuliko nilivyoingia. Njiani nilijipapasa kichwa, nikakuta kiko laini kama kawaida.

Jioni ng'ombe walirudi bila Mlenda.

Chidosa ndiye aliyekuwa na zamu ya kuchunga. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo na hakuandikishwa shule. Baba alimuuliza fahali yuko wapi, akajibu kwamba alikuwapo, kisha hakuwapo. Baba akataka kujua ni saa gani hakuwapo. Chidosa akatazama vidole vya miguu yake, na akaendelea kuvitazama. Wakati huo Ndahani alikuwa amekuja kwetu kuomba moto. Akasimama na kigae chake mkononi, akasikiliza, akasema kwa upole kabisa:

"Lakini Mlenda si amepotea tangu asubuhi? Mimi nilisikia shuleni."

Watu wote wakageuka wakanitazama. Nikajipapasa kichwa tena.

Shauri lilisikilizwa kesho yake zizini, chini ya uenyekiti wa Mzee Mlugu, kaka mkubwa wa baba. Baba alikuwa na hoja fupi: nitolewe shuleni siku ile ile, nichunge, nisishike tena kibao. Alisema kuandika kodi kumetosha kutupunguzia ng'ombe, hatuhitaji aina nyingine ya kuandika. Nikaomba niachwe shuleni. Ndipo bibi akaomba kuniuliza maswali, na akaniuliza kama anavyoulizwa mchungaji.

"Ulimwacha wapi?"

"Kwenye korongo, bibi. Penye mwamba wa kobe."

"Akiwa katika hali gani?"

"Ana kiu."

Bibi akajifunika uso kwa mikono. "Umemwacha na kiu!"

"Kengele ililia, bibi."

Watu walitumwa kwenye korongo. Mwamba wa kobe ulikuwapo, fahali hakuwapo. Mzee Mlugu akaona hilo linanitoa hatiani. Bibi akaona linanitia zaidi. Hawezi kuonekana, alisema, kwa sababu hadithi haijaisha. Yuko katikati ya maneno. Baba akitaka kunitoa shuleni na anitoe, lakini si kabla sijamrudisha Mlenda. "Aliyempeleka," alisema, "ndiye anayeijua njia."

Mwalimu Sefu aliitwa. Alikuja na kanzu yake, akasalimu "Mbukwa" kwa lafudhi ya Pangani, akaeleza kwa adabu kwamba ng'ombe wa hadithi siye ng'ombe wa zizini.

"Yule wa hadithi ana doa jeupe?" akauliza bibi.

"Analo, mama."

"Wapi?"

"Pajani."

"Anaitwaje?"

"Mlenda."

"Basi ni wangu. Namtaka."

Sijui hoja gani mwalimu wa pwani angeweza kuitoa dhidi ya hiyo. Isitoshe, wazazi wengine walikuwa wameanza kuzungumza wao kwa wao kuhusu kuwatoa watoto wao, na mwalimu ambaye darasa lake limebaki tupu angeulizwa na boma, na boma halikuuliza kwa maneno peke yake. Akakubali nimalizie hadithi. Lakini lini? Mchana ilikatazwa. Usiku yeye mwenyewe hakuwa tayari kutoka ndani kwa ahadi yoyote ile kuhusu fisi. Mzee Mlugu ndiye aliyekata shauri: kama Mwalimu hawezi kuufuata usiku, usiku utafuatwa ukaletwa shuleni.

Hivyo zikaletwa ngozi. Kila nyumba ilitoa, zikatundikwa madirishani na mlangoni, mbili mbili na tatu tatu, mpaka ndani kukawa giza na harufu ile niliyoisema. Katikati kikawekwa kibatari cha mafuta ya kondoo. Bibi akakagua, akasema giza linatosha, moto upo, lakini mifugo? Hadithi haianzi mifugo ikiwa nje. Ng'ombe wasingeenea humo. Ndipo Chidosa, ambaye hakuitwa wala hakuulizwa, akapenya kati ya ngozi za mlangoni akiwa na mbuzi wa shangazi, akasema, "Mifugo imeingia," akakaa nao ukutani. Naomba hili lizingatiwe. Hakuna mtu aliyemtuma.

Nilianza. Nilisoma nilichokuwa nimeandika, kisha nikaandika sentensi na kuisoma, nikaandika nyingine na kuisoma. Watunzi wengine, nasikia, hufanya kazi peke yao. Mimi nilifanya mbele ya ukoo.

"Mpe maji," akasema bibi mara moja.

"Mama," akasema Mwalimu, "akipata maji upesi hivyo, hadithi itapoa. Tumwache ateseke kidogo."

"Ateseke ng'ombe wa kwenu."

Nikampa maji, kidogo, katika tundu la mwamba. Mwalimu akaninong'oneza kwamba sasa lazima kije kitisho kikubwa zaidi, tuseme simba. Nikamwandika simba na kumsoma. Bibi akasimama na fimbo yake.

"Simba wa nini huyo?"

"Wa hadithi tu, mama."

"Na fahali naye si wa hadithi? Mtoe."

Nikamfuta simba kwa mate.

Mzee Mlugu akataka ijulikane kwamba Mlenda asipitishwe Zuzu, kwa sababu watu wa huko wangedai fidia ya mazao. Baba, ambaye alikuja kwa hasira na kukaa karibu na mlango, akasema wala asipite karibu na kambi ya wajenzi wa reli, kwa maana wale hawadai fidia, wanakula. Nikamgeuza. Kila nilipomgeuza kulikuwa na mtu wa kumzuia, na kila alipozuiwa ilinibidi nimtafutie njia nyingine. Bila kukusudia, wazee wale walikuwa wakinifundisha kile ambacho Mwalimu alikuwa amehangaika nacho tangu mwanzo: jambo likiharibika, mtu hukaa akasikiliza. Hata mbuzi walitulia. Nilimwona baba, katika mwanga wa kibatari, ameinama mbele na mkono kinywani. Baba yangu, aliyekuja kunitoa shuleni, alikuwa akimhofia fahali niliyekuwa nimemshika mimi.

Na mwisho nilikuwa nao. Ulinijia ghafla na wote kwa pamoja. Haukuwa wa bibi wala wa Mwalimu. Nilishika kalamu ya jiwe, nikainama, nikaandika neno la kwanza la sentensi ambayo ingemleta Mlenda nyumbani.

Mlango ukafunguliwa.

Jua liliingia lote kwa mara moja, pamoja na Bwana Shauri, mkalimani wake na askari wawili. Ngozi ziliwaangukia. Mbuzi, ambao walikuwa wameamini kwamba ni usiku, waliona kumekucha wakatoka kwa pamoja kwenda malishoni, na mmoja wao alipita katikati ya miguu ya Bwana Shauri, akampunguzia heshima yake kwa muda. Alipoinuliwa alisema maneno mengi. Mkalimani akayafupisha.

"Bwana anauliza, hii ni shule au ni zizi?"

Mwalimu Sefu alisimama wima kama alivyotufundisha. "Ni shule, Bwana."

Beberu aliyebaki ndani akalia.

"Bwana anauliza, na huyo amefika darasa la ngapi?"

Nilipokuja kuwa karani, na kuwajua wakalimani, nilitambua kwamba Bwana Shauri hakuuliza swali hilo. Mkalimani alilitia mwenyewe. Lakini bibi alilijibu. Alisema huyo hasomi, amekuja kwa ajili ya usiku, na akamwomba Bwana aweke ngozi alipozikuta, atoke, afunge mlango, kwa maana ng'ombe wake alikuwa amebakiza hatua chache tu. Mkalimani alimtazama, akamtazama Bwana Shauri, akaamua kwamba hakusikia.

Amri ilitolewa papo hapo. Shule itafundisha hesabu na mwandiko mzuri. Hakutakuwa na hadithi, mchana wala wakati wowote. Watoto walioandikishwa wasitolewe na mzazi yeyote, mzazi atakayewatoa ataitwa bomani. Mwalimu Sefu alihamishwa. Alikuja kuniaga akiwa na sanduku lake kichwani mwa mpagazi, akaniambia nimalizie, hata kama ni peke yangu, hata kama ni mchangani kwa kijiti. Nikamwitikia. Sikumalizia.

Hivyo nilibaki shuleni, jambo ambalo nililiomba, nikapokonywa jambo ambalo kwa ajili yake niliomba kubaki. Mlenda hakuonekana tena. Baba hakunipiga, alisema tu kwamba sasa nimeona. Na kwa kweli niliona. Niliona kwamba nilimwandika fahali akipotea, naye akapotea. Na kwamba mkono wangu ulikuwa na kitu kibaya ndani yake. Wenzangu waliota ndevu, mimi nikiendelea kujipapasa kichwa asubuhi. Bibi peke yake hakunilaumu. Mpaka alipofariki aliamini kwamba Mlenda hajafa, kwamba yuko pale pale nilipomwacha, ameshakunywa maji, amegeuza kichwa upande wa nyumbani. Wakati mwingine jioni aliniuliza kama nimepata nafasi. Nilimjibu kwamba bado.

Nilisoma mwandiko mzuri. Mwandiko mzuri ukanipa kazi, na nikatumikia serikali zilizofuata, hii na ile, kwa uaminifu. Nimeandika taarifa za mvua, za mipaka, za njaa, za mashauri ya mahari na ya wizi wa mifugo. Katika zote hizo sikuongeza hata unyoya. Wakubwa wangu walinisifu kwamba maandishi yangu hayana chumvi. Hawakujua ni kwa nini. Nilikuwa naogopa kwamba nikiongeza neno moja ambalo halikutokea, mahali fulani mtu atahesabu ng'ombe wake na kukuta mmoja amepungua.

Sasa turudi msibani. Niliposikia habari za mbuzi, nilisogeza kigoda changu mpaka kwa Chidosa. Hana meno tena, lakini kicheko chake hakijapungua.

"Binamu," nikamwambia, "mbuzi uliwaleta wewe."

"Si ndiyo! Ningeingiaje? Mimi sikuandikishwa. Ukiwa mchungaji huna mifugo, watu watakuuliza umefuata nini."

"Ulifuata nini?"

"Mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"We naye! Wa Mlenda. Mwanzo niliusikia dirishani."

Nikamuuliza dirishani lini. Akanitazama kama mtu anavyomtazama karani mzito.

"Siku ile uliposoma. Nilikuwa nawapitisha ng'ombe kwenda majini, nikasikia sauti yako inamtaja Mlenda. Nikasema ngoja nisikie huyu mtani wangu anamsengenya nini fahali wa watu. Weee! Ukamfikisha korongoni, jua hilo, kiu hiyo, analamba jiwe. Nikasahau kwamba nina ng'ombe. Kengele inalia, nageuka, hamna kitu nyuma yangu. Wengine niliwakusanya. Mlenda si unamjua."

"Na ukanyamaza."

"Niseme nini? Kwamba ng'ombe amepotea mimi nikisikiliza habari za kupotea kwake? Mjomba angeniwamba na vigingi kama ile pale." Akaonyesha ngozi kwa kidevu. Kisha akainama karibu, vijana wasisikie, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anacheka. "Lakini hebu niambie, binamu. Alipatikana wapi?"

Nilichukua fimbo yangu, nikawaaga wafiwa, nikatembea mpaka nyumbani, na nilipofika sikukumbuka njia niliyopita.

Kwa hiyo, mbele ya wenzangu wa rika waliobaki, natamka madai yangu rasmi. Fahali simdai, kwa kuwa bibi hakukubali kamwe kwamba amepotea, nami sina mamlaka ya kutengua uamuzi wake. Namtaka Chidosa aeleze, kwa kinywa chake mwenyewe na bila kicheko, kwa nini alimficha mtunzi kwamba hadithi yake ilikuwa na mtu aliyeisahau dunia kwa kuisikiliza; na aeleze ni nani atakayewajibika kwa hadithi zote ambazo hazikutungwa tangu siku ile. Afike kwangu yeye binafsi, asitume mjukuu. Kwanza ataketi na kusikiliza mpaka Mlenda apatikane. Maelezo yake atayatoa baada ya hapo, nami nitayaandika.